Kasha la kasumba: Waosmani, Waajemi na ugomvi usiotakiwa uishe

Mwaka 1514, kabla mizinga haijalia, barua zilitangulia. Sultani Selim wa Kwanza wa Milki ya Osmani alimwandikia Shah Ismail wa Uajemi, Iran ya leo, akimwita mpotovu aliyeiharibu dini na ambaye kumpiga ni wajibu. Shah akajibu kwa upole wa kuudhi. Alisema barua imemkuta mawindoni upande wa Isfahan, kwamba haelewi uadui huu umetoka wapi, na kwamba maneno yale hayafanani na ya mfalme. Bila shaka yameandikwa na makarani waliolewa afyuni. Basi wasije wakapungukiwa, akawatumia kasha la dhahabu lililojaa dawa yao, limetiwa muhuri wake.

Kiswahili kina neno moja linalobeba mambo mawili hapa. Kasumba ni afyuni yenyewe, na kasumba ni fikra iliyomganda mtu kichwani mpaka hajui tena kama anayo. Mimi kasha lile hunijia kila nisomapo hoja kwamba Waturuki na Waajemi walipigana karne na karne kwa sababu mmoja alikuwa Sunni na mwenziwe Shia, na kwamba wa namna hiyo hawapatani. Ni hoja nyepesi, inamezeka, na humpa mtu usingizi mzuri. Tatizo ni kwamba haielezi kwa nini walikaa miaka 23 bila vita baada ya 1555, wala kwa nini baada ya 1639 walikaa zaidi ya miaka 80. Madhehebu hayakubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni kingine.

Tuanze na hao wawili wenyewe. Ismail alitwaa Tabriz mwaka 1501 akiwa na umri wa miaka 14, akatangaza kuwa Ushia wa Maimamu Kumi na Wawili ndio dini ya dola. Jeshi lake lilikuwa la makabila ya Kiturukimani, Qizilbash, yaani vichwa vyekundu, kwa ajili ya kofia zao. Shah huyu wa Uajemi alitunga mashairi kwa Kituruki, akijiita Khatai. Na Selim, Sultani wa Waturuki? Diwani yake ni ya Kiajemi. Wafalme wawili waliotaka kumalizana, kila mmoja akiimba kwa lugha ambayo leo tunaiita ya mwenzake.

Hofu ya Selim haikuwa itikadi ya mtu anayekaa Tabriz. Hofu yake ilikuwa raia wake mwenyewe. Wafuasi wengi wa Shah walikuwa ng'ambo ya pili, ndani ya Anatolia, bara la Uturuki ya leo, watu wa vijijini na wafugaji waliochoshwa na watoza kodi wa Istanbul na waliomwona Ismail kama kiongozi wao wa kiroho. Mwaka 1511 waliasi chini ya mtu aliyejiita Shahkulu, mtumwa wa Shah, na katika kuuzima uasi huo waziri mkuu wa Waosmani aliuawa vitani. Ismail mwenyewe alimkumbusha Selim, katika jibu lile lile la kasumba, kwamba wengi wa watu wa nchi ya Rum, yaani Anatolia, ni wafuasi wa mababu zake. Hilo ndilo lililouma. Fatwa za kuwatoa Qizilbash katika Uislamu zilikuja kujibu swali la utawala: ni nani hasa ana haki ya kumwamrisha mkulima wa Anatolia?

Tarehe 23 Agosti 1514, katika uwanda wa Chaldiran, mizinga na bunduki ziliwavunja wapanda farasi wa Shah. Selim aliingia Tabriz, lakini askari wake wakagoma kupita majira ya baridi huko, akalazimika kurudi. Akajaribu silaha nyingine: alipiga marufuku biashara ya hariri ya Iran. Hariri hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mitambo ya kufumia ya Bursa, na ushuru wake ukijaza hazina ya Sultani mwenyewe. Mwanawe Suleiman aliporithi kiti mwaka 1520, moja ya mambo ya mwanzo aliyofanya ni kuiondoa marufuku ile. Alikuwa amejionea jinsi mtu anavyoweza kumfungia adui mlango kwa kufuli la nyumba yake.

Suleiman alikwenda mashariki mara tatu. Mara ya kwanza, mwaka 1534, alipata Baghdad, na hiyo haikuwa tuzo ndogo. Lakini Shah Tahmasp, mwana wa Ismail, alikuwa amejifunza kutoka kwa baba yake kitu kimoja kikubwa: usimpige Mwosmani mahali penye uwanja wa mizinga. Alirudi nyuma, akachoma mazao, akafukia visima, akahamisha watu, na kumwachia Sultani nchi tupu na majira ya baridi. Sultani alikuwa akiingia Tabriz kama mtu anayeingia nyumba iliyohamwa, anatazama kuta, kisha anatoka. Tahmasp alifikia kuhamishia makao makuu yake Qazvin, mbali zaidi na mpaka. Katika safari ya mwaka 1548 Waosmani walikuja hata na ndugu wa Shah, Alqas Mirza, aliyewakimbilia akiwaahidi kwamba Qizilbash watamiminika upande wake. Hawakumiminika.

Ndipo ikaja Amasya, mwezi Mei 1555. Nakaa kidogo hapa, kwa sababu mambo mengi yaliyofuata yalizaliwa katika mji ule mdogo wa Anatolia. Mjumbe wa Shah alifika na zawadi nyingi na za thamani. Hatukupata waraka mmoja uliotiwa saini na pande mbili mezani kama tuonavyo siku hizi kwenye runinga. Suluhu ilikuwa barua ya Shah na jibu la Sultani. Waosmani walibaki na Baghdad na Iraki. Wasafawi, yaani ukoo wa Shah na dola yao, walibaki na Tabriz na Azerbaijani. Georgia ikagawanywa. Kars, iliyokwisha kuwa magofu, iachwe hivyo hivyo. Mahujaji wa Iran wapite salama kwenda Makka na Madina, na pia Najaf na Karbala, miji mitakatifu ya Washia ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Sultani wa Kisunni. Na kutoka upande wa pili, Waosmani walidai kukomeshwa kwa desturi ya kuwalaani hadharani makhalifa watatu wa kwanza.

Soma tena masharti hayo utaona kisichokuwemo. Hakuna aliyeulizwa nani ana haki. Shah hakutakiwa aseme kwamba Sultani ndiye kiongozi wa Waislamu wote, wala Sultani hakutakiwa aifute fatwa hata moja. Swali kubwa liliachwa pale lilipokuwa, likiwa limefunikwa kawa, na wanaume wenye akili wakakaa kuzungumza juu ya ngome, mahujaji na ulimi. Fatwa zilisema hawa ni wabaya kuliko makafiri. Mkataba ulisema mahujaji wao watunzwe. Maneno hayo mawili yaliishi katika dola moja, chini ya mfalme mmoja, bila mtu kuona haja ya kuyapatanisha. Ukiita huo unafiki, sikukatazi. Mimi nauita ufundi.

Kulikuwa na shahidi wa nje pale Amasya: Busbecq, mjumbe wa mfalme wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria, aliyekuja kutafuta amani kwa ajili ya mpaka wa Hungaria. Alishuhudia Waajemi wakikirimiwa, na mara moja akaelewa kwamba mambo yake yameharibika, kwa maana Sultani asiye na vita mashariki ana mikono miwili ya kupiga magharibi. Yeye aliondoka na usitishaji wa miezi sita tu. Na tusisahau kwamba Ufaransa ya Kikatoliki ilikuwa rafiki wa Waosmani, na Shah Ismail alikwisha kumwandikia Kaizari Charles wa Tano akitaka wamshike Mturuki katikati. Msalaba na mwezi mchanga katika karne ile vilikuwa vikitembeleana sana usiku.

Mtihani wa suluhu ulikuja baada ya miaka minne. Wana wawili wa Suleiman, Selim na Bayezid, walipigana karibu na Konya mwaka 1559 kugombea urithi ilhali baba yao yu hai. Bayezid akashindwa, na akafanya jambo ambalo mkataba haukulitarajia: akavuka mpaka na wanawe wanne na maelfu ya askari, akaomba hifadhi kwa Tahmasp.

Fikiria ulikuwa Tahmasp. Miaka kumi na moja nyuma adui yako alikuja nchini kwako akimtanguliza ndugu yako wa damu. Sasa Mungu amekuletea mwanawe. Kama vita hivi vingekuwa vya imani, hapa ndipo pa kuonyesha. Tahmasp alimpokea Bayezid kwa shangwe, akamwandalia karamu, akamtenganisha polepole na askari wake, kisha akamfunga. Barua zikaanza kwenda na kurudi baina ya Qazvin na Istanbul, na dhahabu ikaanza kutajwa. Kulikuwa na kikwazo kimoja cha heshima: Shah alikwisha kuapa hatamkabidhi mgeni wake kwa watu wa Suleiman. Akapata njia. Alimkabidhi kwa watu wa Selim. Bayezid na wanawe wote wanne walinyongwa huko huko Qazvin na maiti zao zikapelekwa Sivas. Dhahabu ya Waosmani ilifika, na suluhu ya Amasya ikasimama imara kuliko ilivyokuwa kabla.

Sipendi kisa hiki. Lakini anayetaka kujua amani baina ya dola zile ilijengwa kwa nini, asikiruke.

Selim huyo alipokuwa Sultani, Tahmasp alimtumia ujumbe wa pongezi uliopokewa Edirne mwaka 1568. Miongoni mwa zawadi kulikuwa na nakala ya Shahnama yenye picha 258, kazi ya wachoraji bora wa Tabriz kwa miaka mingi, pengine kitabu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa Iran. Kitabu hicho kinasimulia wafalme wa kale wa Iran wakipigana na Turan, na Turan kwa wasomaji wa zama zile ilikuwa nchi ya Waturuki. Sijui kama Shah alikuwa akitabasamu wakati kikifungwa. Ningependa kuamini hivyo.

Amani ile ilivunjika mwaka 1578, na si kwa sababu kuna mtu aliyeamka akakumbuka madhehebu. Tahmasp alifariki mwaka 1576, mrithi wake akaua ndugu zake na yeye mwenyewe akafa mwaka uliofuata, makabila ya Qizilbash yakashikana mashati. Istanbul waliona mlango uko wazi. Waziri mkuu mzee, Sokollu Mehmed Pasha, alipinga vita hivyo. Alijua gharama yake. Hakusikilizwa. Kars ikajengwa upya, mwaka 1585 Tabriz ikatwaliwa, na vita vikala watu na fedha kwa miaka kumi na miwili.

Sisi wa pwani tuna kijisehemu chetu hapa. Miaka hiyo hiyo, mnamo 1585 na tena 1588, Mir Ali Bey, nahodha wa Waosmani, alishuka kutoka Yemen hadi pwani ya Waswahili, na miji kadhaa ikamkaribisha kwa chuki yao dhidi ya Wareno. Safari ya pili, iliyomfikisha Mombasa, alikuwa na merikebu tano. Tano! Majeshi makubwa ya Sultani yalikuwa yakifa kwa baridi Kaukazi wakati mtu wake alipokuwa akiingia Mombasa na merikebu za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wareno walitoka Goa wakamnasa mwaka 1589, na miaka minne baadaye wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Siwezi kusema kwamba bila vita vya Iran Mombasa ingekuwa ya Waosmani. Nasema tu kwamba ramani ya Bahari ya Hindi ilikuwa na deni kwa milima ya mbali.

Mwaka 1590 Shah Abbas, kijana aliyekuwa na maadui pande mbili, alikubali mkataba wa aibu. Alitoa Tabriz, akatoa Georgia na Shirvan, akampeleka mpwa wake Haydar Mirza Istanbul kama rehani. Wanaomsifu Abbas kwa ushindi wake wa baadaye hupita haraka hapa, na ndipo ukubwa wake ulipo. Alinunua muda kwa kutoa sehemu kubwa ya nchi, akawageukia Wauzbeki waliovamia Khorasan, upande wa mashariki, akajenga jeshi jipya la bunduki na mizinga lisilotegemea Qizilbash. Mwaka 1603, Waosmani wakiwa wamekwama kwa Habsburg na waasi wao wa ndani, alirudi Tabriz. Kufikia 1612 walikuwa wamekubaliana mpaka urudi ule wa Amasya, na Shah atoe mizigo 200 ya hariri kila mwaka. Mwaka 1618 ikapunguzwa kuwa 100. Zile damu zote, na mwisho wake mstari wa babu.

Baghdad ikazunguka mara nyingine: Abbas aliichukua Januari 1624, Sultani Murad wa Nne akaja mwenyewe na kuirudisha Desemba 1638. Mei 1639, katika uwanda wa Zuhab, si mbali na Qasr-e Shirin, wajumbe wakaandika mkataba ambao mpaka leo unatajwa Uturuki kwa fahari: mpaka wetu na Iran haujabadilika tangu 1639.

Hii ni kasumba ya pili, na inastahili kuchokonolewa kuliko ya kwanza, kwa sababu ina heshima zaidi. Mkataba wa Zuhab haukuchora mpaka. Haukuwa na ramani. Ulitaja mahali na watu: Mandali na Badra kwa Sultani, baadhi ya koo za kabila la Kikurdi la Jaf kwa Sultani, nyingine kwa Shah, ngome za Kotur na Maku na nyinginezo zibomolewe. Unaweza kuweka nguzo mlimani, lakini huwezi kuweka nguzo juu ya ukoo unaohama na kondoo wake kiangazi na masika. Waandishi wake walilijua hilo. Walikuwa wanagawana utii, na ardhi ilifuata utii.

Na utii ulikuwa mali ya Wakurdi. Tangu Chaldiran, mwanachuoni wa Kikurdi Idris Bidlisi alizunguka kwa machifu wa milimani akiwashawishi upande wa Selim, na bei yake ilikuwa wazi: kila chifu abaki na nchi yake, airithishe wanawe. Familia hizo zilijua thamani yao. Mtazame Sharaf Khan wa Bitlis. Baba yake aliwakimbia Waosmani, yeye akazaliwa Iran mwaka 1543, akalelewa katika kasri la Tahmasp, Shah Ismail wa Pili akamfanya mkuu wa Wakurdi wote wa dola yake. Vita vilipoanza mwaka 1578 akavuka kwa Sultani Murad wa Tatu, akarudishiwa Bitlis ya mababu. Alikuwa Sunni wakati wote huo. Akiwa mtu mzima alikaa akaandika historia ya watawala wa Kikurdi, kwa Kiajemi, akaimaliza 1597. Machoni pa Istanbul na Qazvin alikuwa mtu wa mpakani. Yeye mwenyewe, nadhani, aliona kwamba wao ndio walio pembezoni.

Mpaka wa namna hii ulidumu kwa sababu ulikuwa mlegevu. Chifu akivamia kijiji cha jirani, Shah aliweza kusema si mimi, ni yule mkorofi wa milimani, na Sultani aliweza kukubali kuamini. Mpaka uliochorwa kwa wino haukupi nafasi ya kukubali kuamini.

Walioulipia ulegevu huo walikuwa wakazi wake. Mwaka 1604 Abbas alipokuwa akirudi nyuma mbele ya jeshi la Waosmani, aliwatoa Waarmenia wa Julfa, mji tajiri wa wafanyabiashara ya hariri, akauteketeza ili adui asikute kitu. Walionusurika safari ile alikuja kuwajengea mtaa Isfahan, Julfa Mpya, na wakatajirika tena. Watalii huonyeshwa kanisa lake zuri. Mto Aras, walikozama wengi wakilazimishwa kuvuka, hauna cha kuonyesha.

Kama bado una shaka kuhusu nani alimfuata nani, fatwa au jeshi, nenda mwaka 1722. Waafghani wakaiteka Isfahan, dola ya Wasafawi ikaanguka, na mwaka uliofuata Istanbul ikatoa fatwa kwamba kuwapiga Washia hawa ni jihadi. Vizuri. Mwaka 1724 Waosmani wakaketi na Urusi ya Peter, Mkristo wa Kiorthodoksi, wakagawana naye Iran ya magharibi na kaskazini. Kisha likazuka la aibu: mtawala mpya wa Isfahan, Ashraf, alikuwa Mwafghani na Sunni safi, na maulamaa wake wakawauliza wenzao wa Istanbul kwa hoja gani wanampiga ndugu yao. Ikatafutwa fatwa nyingine. Ilisema haifai Waislamu wawe na maimamu wawili kwa wakati mmoja, isipokuwa pawe na kizuizi kama Bahari ya Hindi kati yao. Iran na Iraki hazina bahari kati yao, basi Ashraf ni mwasi. Mwaka 1726 jeshi lilipokutana naye, Wakurdi wengi waliondoka upande wa Sultani, na vita vikapotea. Mwaka uliofuata wakapatana na Ashraf.

Nadir Shah, aliyekuja kutawala Iran baadaye, alijaribu kulifunua lile kawa. Alitaka Ushia utambuliwe kuwa madhehebu ya tano, ya Jaafari, wenye mahali pake pa swala Makka kando ya yale manne. Aliwakutanisha wanavyuoni Najaf mwaka 1743 wajadiliane. Lilikuwa pendekezo la ujasiri, na Istanbul ilikuwa tayari kumpa mengine, pamoja na msafara wake wa hija, lakini si hilo. Mwaka 1746 alichoka, akatia saini. Mpaka? Kama ulivyokuwa zama za Murad wa Nne.

Ulegevu uliisha karne ya 19, wakati Waingereza na Warusi walipotaka kujua hasa Iran inaishia wapi. Baada ya mkataba wa Erzurum wa mwaka 1847, tume ya mataifa manne ilipanda milima ya Zagros na vyombo vya kupimia. Walikuta koo zinazolipa kodi pande mbili na koo zisizolipa popote, na wajumbe wakibishana hata juu ya maneno ya mkataba wa 1639 wenyewe. Ramani ya pamoja ilikamilika mwaka 1869, na ilionyesha ukanda mpana, si mstari. Mpaka, walisema, uko mahali fulani humo ndani. Kazi ya kusimika nguzo ilianza upya mwaka 1914, kutoka Ghuba kuelekea kaskazini. Ya mwisho ilisimamishwa karibu na mlima Ararat mwishoni mwa Oktoba, na siku chache baadaye Waosmani walikuwa ndani ya Vita vya Kwanza vya Dunia.